Muruatetu ya 2017: mbona hakimu bado anasema mikono yake imefungwa?

MsomaKatiba
Wadau, nieleweshwe. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Francis Muruatetu, aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji, ilisema jaji asilazimishwe kutoa adhabu ya kifo bila kumsikiliza mshtakiwa juu ya adhabu yenyewe. Ibara ya 163(7) ya Katiba nayo inasema mahakama nyingine zote zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu. Lakini hukumu za kunajisi watoto ninazosoma, hakimu anatoa miaka 20 na kusema sheria haimwachii nafasi ya kushuka chini ya hapo. Je, hakimu anakaidi? Na mtu asiye wakili atajuaje ni maneno yapi katika hukumu ndefu namna ile yaliyo sheria?

Kizimbani
Hakaidi. Anza na swali lililopelekwa mbele ya majaji. Swali lilihusu kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu peke yake: kwamba atakayepatikana na hatia ya mauaji "atahukumiwa kifo". Majaji wakaona ulazima huo unavunja haki ya kusikilizwa kwa haki, ambayo ibara ya 25 hairuhusu ipunguzwe kwa sababu yoyote. Kesi haiishi mtu akipatikana na hatia. Kuomba apunguziwe adhabu ni sehemu ya kesi. Ukimwambia mtu "sema, ingawa nitakuhukumu kifo hata useme nini", hujamsikiliza.

Angalia kilichobatilishwa: ulazima, si adhabu ya kifo. Jaji wa Mahakama Kuu bado anaweza kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji hata leo, mradi amepima mambo ya upande wa mshtakiwa na ya upande wa aliyetendewa. Magazeti mengi yaliandika kwamba kifo kimefutwa. Hakikufutwa.

Na jambo hili halikuzuka 2017. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ilikuwa imesema hivyo hivyo katika kesi ya Godfrey Mutiso. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Joseph Njuguna Mwaura, ikageuka na kusema ulazima uko halali. Kwa hiyo kwa miaka minne jaji wa Mahakama Kuu alikuwa na hukumu mbili za ngazi moja zinazovutana. Kazi ya Mahakama ya Juu hapo ilikuwa kukata mzizi wa fitina.

Hati_ya_Mashtaka
Kizimbani umeishia kabla ya sehemu yenye moto. Baada ya 2017 mahakama za chini zilikimbia na Muruatetu hadi kusikokuwa kwake. Wafungwa wa wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2), ambacho nacho kinalazimisha kifo, wakaanza kuhukumiwa upya. Kisha vikafuata vifungo vya chini, yaani miaka ya gerezani ambayo hakimu haruhusiwi kushuka chini yake, vya Sheria ya Makosa ya Ngono: maisha kwa mtoto wa miaka 11 au chini yake, miaka 20 isiyopungua kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, na 15 isiyopungua kwa wa 16 hadi 18. Hoja ilikuwa moja: kama ulazima ni mbaya kwa mauaji, utakuwaje mzuri kwingine?

Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo, yale tunayoyaita Muruatetu ya pili: uamuzi wa 2017 unahusu mauaji ya kifungu cha 203 na 204 tu. Mwenye hoja juu ya wizi wa mabavu, uhaini au makosa ya ngono aipeleke Mahakama Kuu kwa njia yake, ipande Mahakama ya Rufaa, ndipo ifike juu.

Kwa maoni yangu lawama nusu ni ya Mahakama ya Juu yenyewe. Hoja yake ya haki ya kusikilizwa haikuwa na kitu chochote kinachoifunga kwenye mauaji. Ukichimba mtaro mpana hivyo, maji yatapita. Na kungoja miaka mitatu na nusu ndipo uuzibe?

Kizimbani
Sikubaliani kabisa. Hoja pana si amri pana. Soma aya za mwisho za hukumu ya 2017, penye amri: zinataja kifungu cha 204 kwa namba. Na hapa ndipo jibu la swali la pili la MsomaKatiba. Katika hukumu yoyote chukua vitu vitatu: masuala ambayo majaji wenyewe wameyaorodhesha kuwa wanayaamua, sababu ambayo ukiitoa jibu linaanguka, na amri za mwisho. Hivyo ndivyo kiini cha uamuzi, na hicho ndicho kinachofunga. Mengine, kama mifano ya nchi za nje au "tungependa Bunge liangalie", ni maneno ya pembeni. Yana uzito wa kushawishi, hayamfungi hakimu. Ukikuta majaji wameandika kila mtu hukumu yake, hesabu kwanza wangapi wamekubaliana kwenye sababu, usihesabu waliokubaliana kwenye matokeo tu. Mahakama ina majaji saba, na hawakai kusikiliza wakiwa chini ya watano.

Hati_ya_Mashtaka
Haya, hilo la amri nalipokea. Ila MsomaKatiba aongeze na hili: hata baada ya 2021 mambo hayakutulia. Mwaka 2022 majaji wa Mahakama Kuu, Machakos na Mombasa, walitoa maamuzi yaliyolegeza vifungo vya chini vya makosa ya ngono. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikapata kesi ambamo Mahakama ya Rufaa ilimshushia mtu miaka 20 ikawa 15. Ikairudisha 20. Ikasema vifungo hivyo ni halali hadi vitangazwe kinyume cha Katiba katika kesi iliyoletwa kwa ajili hiyo. Aprili 2025 ikafanya vivyo hivyo kwa kifungo cha maisha ambacho Mahakama ya Rufaa kule Malindi ilikuwa imekigeuza miaka 40. Hakimu wako amefungwa na hizi mbili.

Rejista_Mstaafu
Kwa wenye ndugu waliofungwa kwa mauaji na bado hawajaomba kuhukumiwa upya, maombi yanakataliwa kwa makosa yale yale kila mara.

La kwanza: rufaa bado iko Mahakama ya Rufaa. Mahakama Kuu haitakusikiliza mpaka rufaa iondolewe, na uthibitisho wa kuondolewa uambatishwe. La pili: ombi linageuka kubishana upya kama kweli aliua. Kinachosikilizwa ni adhabu peke yake. La tatu: kupeleka kwa hakimu. Ni Mahakama Kuu.

Ambatisha hati ya mashtaka, hukumu, na taarifa ya gereza juu ya mwenendo na mafunzo aliyopata. Omba ripoti ya afisa wa majaribio (probation), na uiombe mapema kwa sababu ndiyo inayochelewesha. Jaji atapima umri wa mkosaji, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, tabia yake, kama alitenda akijibu ukatili wa kijinsia, majuto, uwezekano wa kurekebika, namna kosa lilivyotendwa, na athari kwa familia ya marehemu. Familia nyingi za wafungwa husahau hili la mwisho, halafu wanashtuka siku ya kusikilizwa. Hesabu pia siku za rumande kabla ya hukumu: kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinataka zizingatiwe. Ziandike kwa tarehe, kutoka siku ya kukamatwa.

Mtu_wa_Bara
Wakuu, kwetu Tanzania kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu bado ni kifo cha lazima kwa mauaji. Jaji Mwalusanya aliitangaza adhabu ya kifo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 1994 katika kesi ya Mbushuu. Mahakama ya Rufaa ikatengua 1995, na majaji wa chini wanafungwa na hiyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, katika kesi ya Ally Rajabu ilisema ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Lakini hiyo inaielekeza serikali ibadili sheria, haimpi jaji wa Mahakama Kuu ruhusa ya kukiruka kifungu. Uganda waliumaliza ulazima huo 2009 kwa kesi ya Susan Kigula.

MsomaKatiba
Nimeelewa. Sasa, mtu akitaka kupinga ile miaka 20 kihalali, aanzie wapi?

Kizimbani
Ombi la kikatiba Mahakama Kuu, kifungu kitajwe kwa namba na ibara inayokiukwa itajwe. Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na Mkurugenzi wa Mashtaka pia. Suala lisiibuliwe kwa mara ya kwanza kwenye rufaa. Hapo ndipo ile ya 2024 ilipokwama. Na usiombe ushushiwe miaka tu. Omba tamko kwamba kifungu ni batili, maana bila tamko hilo hakuna cha kukatia rufaa kuelekea juu.