Postgres inapangaje biti zenye urefu tofauti? 0111 inakuja kabla ya 1

mwl_databesi
Wakuu habari za jioni. Nina databesi ndogo ya Postgres ya mahudhurio ya wanafunzi, kila mmoja ana kolamu inaitwa siku, ni bit varying (mfuatano wa 0 na 1 wenye urefu wowote), kila siku naongeza biti moja kulia, 1 kaja 0 hajaja, kwa hiyo waliohamia katikati ya muhula wana biti chache. Nikipiga ORDER BY siku napata hivi:

0111
1
10
100

Sasa 0111 si ni 7? Inakaaje juu ya 1? Nikaona dawa ni kuzilinganisha urefu, nikakasti zote (yaani kubadili aina) ::bit(8), ziwe biti nane nane, ndo nikaharibu kabisa, 1 na 10 na 100 zote zimekuwa 10000000, halafu kwenye kwery yenye DISTINCT, ile inayoondoa zinazojirudia, wanafunzi wawili wamepotea. Hii bagi au mimi ndo sielewi?

fundi_seva
Si bagi mkuu. Postgres haizioni kama namba, inazipanga kama maneno kwenye kamusi, kuanzia kushoto. "Zaa" ni fupi kuliko "kaanga" lakini inakaa nyuma, maana herufi ya kwanza ishamaliza kesi. Mfuatano mmoja ukiisha huku ilikuwa sawa mpaka hapo, ule mfupi unatangulia, kama "kaa" inavyotangulia "kaanga". SQL-92, kiwango cha lugha ya databesi cha 1992, nayo ilisema hivyohivyo.
Kuhusu kasti, biti ikienda bit(8) sifuri zinajazwa kulia, ila ukikasti namba nzima zinajaa kushoto, 7::bit(8) inatoa 00000111. Alama ileile, upande mwingine. Hapo hata mimi nishalia.

kijana_wa_kwery
MySQL, ile databesi nyingine, mbona haina shida hizi, kolamu ya BIT kule ni namba, ukiweka b'101' kwenye BIT(6) inakaa 000101. Mi naona ndo akili, kwa nini 1 na 01 zisiwe sawa?

fundi_seva
Kwenye mahudhurio hapana aisee. Mwenye 1 ana siku moja tu na alikuja, mwenye 01 ana siku mbili na ya kwanza alitoroka, ukizifanya sawa umemfutia mtu utoro wake. Na BIT ya MySQL inaishia biti 64, mwaka wa shule hautoshi humo. Hata cidr ya Postgres, aina ya kuhifadhi anwani za mitandao, iko hivi, 10.0.0.0/8 inatangulia 10.0.0.0/16, biti za mtandao kwanza, zikilingana ndo mask fupi (ile namba baada ya /) inapita mbele.
Mleta mada, ukitaka zipangwe kama namba tumia lpad(siku::text, 300, '0'), inajaza sifuri kushoto, ila usiweke urefu mdogo maana lpad inakata inayozidi. Lakini kwanza, ripoti yenyewe inataka nini?

mwl_databesi
Watoro waje juu, mkuu wa shule anataka kuita wazazi.

fundi_seva
Sasa hapo kupanga biti kunakusaidia nini? Hesabu zile 1 ugawe kwa urefu, usimwonee aliyehamia juzi:

ORDER BY bit_count(siku)::numeric / length(siku)

mwl_databesi
Inaniambia bit_count haipo, niko Postgres 12.

fundi_seva
Imekuja na toleo la 14. Weka length(replace(siku::text, '0', ''))::numeric / length(siku), itafanya kazi ileile.

mwl_databesi
Imekubali, 100 iko juu, 10 inafuata, halafu 0111, na yule wa 1 yuko chini kabisa. DISTINCT nimeitoa, wale wawili wamerudi, na mmoja wao ndo huyo mtoro namba moja 😂