Mjadala: Nyimbo adimu za roki ya zamani, tuzigawe bure au ni wizi?

Santuri_Mbovu
Wakuu, heshima kwenu. Marehemu mjomba alikuwa mfanyakazi wa TAZARA, na kila akirudi kutoka Kapiri Mposhi alikuwa na santuri kwapani. Baada ya arobaini yake tumefungua sanduku: Amanaz, Ngozi Family, WITCH, Musi-O-Tunya, Sunburst, yaani roki tupu ya Zambia ya miaka ya 70, gitaa linakwaruza mpaka kikombe kinatembea mezani. Nimezihamishia kwenye kompyuta, zimefika nyimbo hamsini kasoro. Kundi letu la WhatsApp wanataka nizimwage humo. Jamaa mmoja kanijia juu, ati ni wizi, nyingi zimeshatolewa upya Marekani na Uingereza, tukanunue. Santuri moja pamoja na kuisafirisha mpaka Mbagala ni kodi ya chumba changu ya mwezi. Mnasemaje?

MzeeWaKariakoo
Nimesoma mpaka "Sunburst" nikaishia hapo. Sunburst roki ya Zambia? Nani kakudanganya kijana? Sunburst ni bendi ya Dar es Salaam, ilianzia hapa hapa, mtindo wao ukiitwa Kitoto. Wazambia gani wanaimba "Enzi za Utumwani" kwa Kiswahili kilichonyooka namna ile? Rekebisha kwanza, ndipo tuongee habari za wizi. Wizi umeshaanza kwenye uzi wako.

TundumaMpakani
Mzee shikamoo. Ila Ave Africa, santuri yao kubwa, walirekodi Zambia 1976. Mtoto anaandikishwa alikozaliwa.

MzeeWaKariakoo
Marahaba. Mtoto akizaliwa ndani ya treni anakuwa mali ya reli?

Santuri_Mbovu
Naomba radhi mzee wangu. Basi Sunburst ni wa Dar. Turudi kwenye swali.

BudaRiverRoad
Nyinyi endeleeni kugombania cheti cha kuzaliwa, sisi Nairobi tunawaangalia tu. Musi-O-Tunya wenyewe, hao mnaowaita waanzilishi wa roki ya Zambia, walirekodi wapi? Nairobi. Santuri za Watanzania zilikuwa zinachapwa wapi? Nairobi. Hamkuwa na kiwanda hata cha kuchapa kifuniko cha sufuria. Bila sisi hakuna sanduku la mjomba.

MzeeWaKariakoo
Ndiyo, mlichapa. Kanda zilitoka hapa kwa basi, na hela ilibaki huko huko. Muulize mwanamuziki yeyote wa Dar wa miaka ile alipata nini kutoka kwa wenye maduka ya santuri Nairobi. Atakuonyesha kiganja kitupu. Sisi tulikuwa na RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, ndiyo iliyorekodi kila bendi, na kanda zake mpaka leo zipo.

BudaRiverRoad
Zipo wapi, kabatini? Nani anazisikiliza, mende?

Fundi_Redio
Jamani, mleta uzi kauliza jambo la maana. Ngoja nijaribu.

Sheria za kwetu zinatenganisha rekodi na utunzi. Kwa Kenya rekodi inalindwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa, ila mtunzi analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo rekodi ya 1974 inaweza kuwa imetoka kwenye ulinzi huku wimbo wenyewe bado una mwenyewe, na pengine ana wajukuu wanaohitaji ada ya shule.

Halafu tumuangalie Jagari, mwimbaji wa WITCH. Jina lenyewe kalipata kwa kufananishwa na Mick Jagger. Bendi ilipokufa akaishia kuchimba vito. Santuri zilipotolewa upya na Now-Again, kampuni ya santuri ya Marekani, ndipo dunia ikamkumbuka, akapanda majukwaa ya Ulaya akiwa mzee, na 2023 WITCH wakatoa santuri mpya, Zango. Hilo lisingetokea kama kila mtu angeridhika na faili la bure. Lakini upande wa pili: waliozitoa upya walijuaje kama zipo? Kuna mashabiki waliokuwa wakizipitisha mkono kwa mkono miaka yote bila kumlipa mtu. Mimi naona hivi: kilichotolewa upya na mwenyewe analipwa, usikigawe, toa kionjo na uelekeze watu pa kununua. Kisichopatikana popote, kigawe kabla koga halijakila. Wazee wengine humu wanapiga kelele tu, hili hawaligusi.

MzeeWaKariakoo
Kelele? Nani anapiga kelele? Nimecheza muziki huu ulipokuwa mpya, wewe hata baba yako hajavaa suruali ya bugaluu. Soma ulichoandika, utaona nani anapiga kelele, tena ndefu.

Fundi_Redio
Mzee, samahani, sikukutaja jina.

MzeeWaKariakoo
Humu mzee ni mmoja.

Makadara77
Babangu, mimi nashangaa. Dar, Nairobi, Lusaka, mwazunguka weee, Mombasa hamuioni? Slim Ali na Hodi Boys walikuwa wakiimba soul na roki kwa Kiingereza cha kumtoa mtu machozi wakati huo Nairobi bado wasema "twist". Lakini akitajwa mtu wa pwani, kimya. Ndiyo kawaida.

BudaRiverRoad
Slim Ali tunamheshimu, na jina alilipatia Nairobi, kwenye vilabu.

Makadara77
Haya, hata sauti yake mwataka kuichapa nyinyi.

Bi_Mkunazini
Mmeshafika Mombasa, bado mkono mmoja wa bahari mfike Unguja kwa yule kijana wa kina Bulsara. Nawasubiri na kahawa.

TundumaMpakani
Bibie usituletee Freddie Mercury wa Queen, tafadhali. Uzi ni wa nyimbo adimu. Huyo hata ng'ombe wa Sumbawanga wanamjua.

Bi_Mkunazini
Mimi nimesema kahawa tu. Ila maadamu mmemtaja: kazaliwa Unguja 1946, kaondoka 1964, na hakuna mtu humu atakayesema Queen ni bendi ya Zanzibar. Sasa Sunburst mnaiandikisha kwa kanuni gani? Ya kuzaliwa au ya kurekodi? Chagueni moja tuishi nayo.

BudaRiverRoad
Huyu mama apewe kiti cha hakimu.

MzeeWaKariakoo
Bi mkubwa, Freddie aliondoka mtoto wa shule. Sunburst waliondoka watu wazima, na gitaa begani na Kiswahili mdomoni. Si sawa hata kidogo.

BudaRiverRoad
Na kwa nini waliondoka, mzee? Sema. Nyinyi si ndio mlipiga soul marufuku kwenye kumbi za Dar 1969? Mlivizia mabinti wenye sketi fupi na vijana wenye suruali za kubana. Leo mnadai roki ni yenu. Nani angebaki hapo na gitaa la umeme?

MzeeWaKariakoo
Soul ni soul, roki ni roki.

BudaRiverRoad
Polisi alikuwa anatofautisha?

TundumaMpakani
Buda hapo umegusa kitu, ila umekielekeza vibaya. Zambia nako serikali iliingilia, tena kwa nguvu. Kaunda aliagiza redio ipige muziki wa nyumbani asilimia 95. Sasa vijana wa Copperbelt, kwenye migodi ya shaba, walikuwa wameshalewa roki ya ng'ambo, ya Hendrix na Deep Purple. Wafanyeje? Wakatengeneza wao wenyewe, na maneno ya Kinyanja na Kibemba ndani yake. Huku tulifunga mlango, kule waliwaambia pigeni ya kwenu. Baadaye bei ya shaba ikaanguka, mafuta yakapanda, hela ya kwenda dansi ikaisha, kisha ukimwi ukawabeba wengi. WITCH peke yake ilizika karibu wote wa awali. Ndiyo maana nyimbo hizi ni adimu. Walionunua walikuwa wachache, na wapigaji hawakubaki kuzisimulia.

Na kwa faida ya vijana: Ngozi ya Ngozi Family si ngozi ya mbuzi. Kwa Kinyanja ngozi ni hatari. Tyler, The Creator, rapa wa Marekani, alipokata kipande cha wimbo wao akakitia kwenye wake 2024, watoto wangu walidhani ni bendi ya kutengeneza ngoma.

Santuri_Mbovu
Mkuu asante, hilo sikulijua. Kwa hiyo nizimwage au nisizimwage?

Makadara77
Deep Purple si roki ile, ni kelele za mtambo wa saruji.

BudaRiverRoad
Toka humu.

Makadara77
Nimetoa maoni yangu. Au maoni nayo huchapwa Nairobi?

Binti_wa_Drami
Samahani kuwaingilia, mimi ni mgeni. Baba yangu alipiga drami kwenye bendi ya hoteli moja Dar, haikumaliza hata miaka miwili. Walitoa santuri ndogo moja tu. Hakulipwa, na hakuwahi kuwa na nakala, aliazimisha ikapotea. Amefariki 2011. Sina shida na mtu kuigawa bure, mimi nataka kuisikia. Mama anakumbuka upande wa pili ulianza na drami peke yake, kisha mtu anapiga mluzi. Kaka Santuri, kwenye sanduku la mjomba hakuna kitu kama hicho?

Santuri_Mbovu
Dada pole sana. Kuna santuri ndogo moja haina jalada, karatasi ya katikati imebanduka. Sijaigusa kwa sababu imekwaruzika vibaya. Nipe mpaka jioni.

MzeeWaKariakoo
Mwanangu, hoteli gani? Niandikie pembeni. Yawezekana nilicheza hapo.

Santuri_Mbovu
Nimeirekodi, inaruka ruka sehemu tatu. Drami zipo. Mluzi upo. Nimekutumia pembeni, humu siiweki mpaka useme.

Binti_wa_Drami
Nimempigia mama simu nikaiweka kwenye spika. Kauimba kabla haujafika kiitikio. Katikati pale inaporuka alinyamaza, ikirudi akaendelea naye. Iweke, kaka. Wote waisikie.

Fundi_Redio
Kabla ya kuiweka niletee, hizo kwaruzo zinapungua. Na usisafishe kwa spiriti tafadhali, maji na sabuni kidogo tu.

BudaRiverRoad
Pole dada, na hongera. Kaka, angalia pale mifereji ya muziki inapoishia, karibu na katikati, huwa kuna namba zimechongwa kwa mkono. Zitakuambia ilichapwa wapi.

MzeeWaKariakoo
Usianze.