Miiko na vinyago vya mpingo kwenda Ulaya: mwakilishi wa kulipia, mwingizaji au ghala?

DadaMikindani
Habari zenu wadau. Niko Mikindani, nauza mtandaoni miiko, vinyago na wanyama wadogo wa mbao wanaochongwa na mafundi wa Newala. Wateja wangu wengi ni Wajerumani. Mwezi uliopita soko la mtandaoni ninalouzia limezifunga bidhaa zangu zote 14 kwa wateja wa Umoja wa Ulaya, eti sina mtu wa kuwajibika aliye ndani ya Umoja huo. Naona njia tatu: kumlipa mwakilishi kwa mwaka, kumpata mwenye duka huko aingize mzigo kwa jina lake, au kuweka mzigo kwenye ghala la kule linalofungasha na kutuma. Aliyepita mojawapo anisaidie.

MzigoShangani
Pole dada. Hiyo ni Kanuni (EU) 2023/988 ya usalama wa bidhaa, imeanza kutumika 13 Desemba 2024. Haimwachi mjasiriamali mdogo wala kazi ya mkono. Na ukiuza kwa jina lako, kisheria mtengenezaji ni wewe, hata kama aliyechonga yuko Newala.

Mimi natumia mwakilishi kwa vikapu vyangu vya ukindu. Bei napanga mwenyewe na mteja anabaki wangu, hilo ndilo lililonivuta. Lakini kuwa macho: wapo wanaokodisha anwani tu, hawaombi hata picha ya bidhaa. Hao wakimbie. Sheria inamtaka mwakilishi akague mara kwa mara kama kinachouzwa ndicho kilichoandikwa kwenye faili. Wangu alinirudishia faili mara tatu kwa sababu sikueleza ncha za ukindu zinavyoweza kumchoma mtu. Nilikasirika, baadaye nikamshukuru. Faili hilo unaliandaa wewe: maelezo ya bidhaa, hatari zake, na ulichofanya kuzipunguza. Unalitunza miaka 10.

KilwaMasoko77
Kwa anayeanza, mimi nasema mwingizaji. Nauza kwa jumla kwa mwenye duka mmoja Ubelgiji; jina lake na anwani vinakaa kwenye lebo pamoja na vyangu, na mamlaka zikiuliza anaanza kujibu yeye. Bei inashuka karibu nusu ya rejareja, sikufichi. Ila ana uchungu na jina lake, kwa hiyo anakagua kweli.

Ghala sikushauri. Linawajibika pale tu ambapo ndani ya Umoja hakuna mtengenezaji, mwingizaji wala mwakilishi, na posta au kampuni ya vifurushi haihesabiwi kuwa ghala. Nililojaribu mimi liliandika kwenye mkataba kwamba lazima nije na mwakilishi wangu. Ukawa mzigo wa gharama mbili.

Halafu usisahau mpingo wenyewe. Uko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa mzigo mmoja zimesamehewa kibali chake, lakini pita TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla ya kufunga boksi. Huku Kilwa kuna misitu ya vijiji iliyopata cheti cha FSC, cha msitu unaotunzwa vizuri, tangu 2009. Mbao yenye karatasi inakupunguzia maswali mengi.

MzeeWaPatasi
Wanangu, mnalinganisha karatasi, kijiti chenyewe hamjakitazama. Kuna wachongaji wanaipaka mbao nyeupe rangi ya viatu ifanane na mpingo. Kwenye kinyago cha ukutani huo ni udanganyifu. Kwenye mwiko ni hatari, maana unaingia kwenye chakula cha watu. Chukua kitambaa cheupe, chovya kwenye mafuta ya moto kidogo, sugua mgongo wa mwiko mara ishirini. Kisha utumbukize kwenye ndoo ya maji. Mpingo unazama.

DadaMikindani
Shikamoo mzee wangu, ahsante sana. Na wale wanyama? Nimewawekea macho ya shanga, wazazi wanawapenda.

MzeeWaPatasi
Marahaba mwanangu. Gundi ya shanga mtoto anaiachisha kwa mate.

MzigoShangani
Hao usiwaweke kapu moja na vinyago. Kitu cha mtoto kuchezea kina sheria yake, Direktivi 2009/48/EC: kinataka alama ya CE, yaani tamko kwamba kinatimiza sheria za Umoja wa Ulaya, na kwa kawaida kinapimwa kwa EN 71, viwango vya Ulaya vya usalama wa vitu vya kuchezea. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kipande kinachochomoka hakitakiwi kuingia chote kwenye silinda ya kipimo yenye kipenyo cha milimita 31.7. Ushanga unapita humo bila kugusa ukingo. Kuandika "pambo" hakukusaidii ikiwa picha yako dukani inaonyesha mtoto amekishika.

Usikimbilie Marekani pia. Vitu vya watoto wa miaka 12 kushuka chini vinataka cheti na vipimo vya maabara inayokubaliwa na CPSC, tume yao ya usalama wa bidhaa, na tangu 29 Agosti 2025 kifurushi cha chini ya dola 800 hakina tena msamaha wa ushuru.

DadaMikindani
Nimerudi. Nimesugua miiko yote 30. Tisa imeacha weusi kwenye kitambaa, na sita kati ya hiyo tisa imeelea. Mmoja wa namna hiyo nilishamtumia mama mmoja wa Hamburg. Nimemwandikia leo asiutumie, nitamrudishia pesa.

Wanyama nimewaondoa dukani. Miiko iliyopona nitaitafutia mwingizaji, vinyago nitaongea na mwakilishi, tena yule atakayeniuliza maswali. Jumamosi napanda Newala kukaa na mafundi: nataka kila mwiko utoke na alama ya aliyeuchonga na namba ya toleo.