Naomba ushauri: alama gani ya Waviking nimchoree baba mkwe kwenye upanga?

MkweWaUppsala

Wakuu habari zenu. Nipo Uppsala, Uswidi, mwaka wa tisa sasa, na nimeoa huku huku. Baba mkwe anatimiza miaka 70 mwezi wa sita. Ni seremala mstaafu, jina lake Ulf, mtu wa maneno machache. Kitu pekee kinachomfanya aongee mpaka kahawa ipoe ni habari za Waviking, wale mabaharia wavamizi wa kale wa huku kaskazini. Watoto wake na sisi wakwe tumechanga, tukampa fundi chuma oda ya upanga: bapa la sentimita 76, mfereji katikati, mpini uliofungwa ngozi.

Kazi ya kuchagua nakshi za bapa nimeangushiwa mimi, eti ndiye mwenye mkono wa kuchora. Fundi anataka mchoro ndani ya wiki mbili. Mpaka sasa nimepanga hivi: ile dira ya miti minane, Vegvísir, karibu na mpini, zile pembetatu tatu zilizosukana, valknut, katikati, halafu kuelekea ncha maneno "Ulf den starke", yaani Ulf mwenye nguvu, kwa runi, zile herufi zao za kale. Runi zenyewe nimezitoa kwenye programu ya mtandaoni, unaandika jina inakutemea herufi.

Hofu yangu ni moja. Nikikosea, huyu mzee hatasema kitu. Atatabasamu, atautundika ukutani, na mimi nitautazama kila Krismasi mpaka nife. Nisaidieni.

Kiroboto

Mzee wa miaka 70 unampa upanga? Mnunulie kiti cha kukanda mgongo mkuu. Haya, ngoja waje wajuzi.

BintiMchungaji

Kaka yangu, hizo si alama za miungu yao ya zamani? Mimi nisingezigusa, achilia mbali kumpelekea mzazi.

MkweWaUppsala

Dada, mzee mwenyewe anaimba kwaya kanisani kwao, Mlutheri wa kuzaliwa. Odin, mungu wao mkuu wa zamani, kwake ni hadithi ya babu tu. Ila nimekusikia.

MsomaMawe

Mkuu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kumtumia fundi. Nimekaa Stockholm muda mrefu na ugonjwa wangu ni kuzunguka kwenye mawe ya runi, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Dira kwanza. Vegvísir haina uhusiano na Waviking. Enzi yao watu huihesabu kuanzia 793, walipovamia Lindisfarne kule Uingereza, hadi 1066. Hiyo dira inatoka kwenye mswada wa Huld, uliokusanywa Iceland na Geir Vigfússon mwaka 1860. Hapo katikati kuna karibu miaka mia nane. Ni sawa na kumchora Ibn Battuta anashuka Kilwa mwaka 1331, halafu akina mama wanaompokea wamejifunga kanga zenye majina. Picha inapendeza, lakini mwenye kujua atacheka, na mkweo anajua.

Valknut, hiyo kweli ni ya kale. Ipo kwenye jiwe la Stora Hammars kisiwani Gotland, na ipo kwenye vitu vya kaburi la meli la Oseberg, Norwei, la mwaka 834. Ila jina "valknut" limebandikwa na watu wa zama zetu. Tena kwenye lile jiwe pembetatu zinaning'inia juu ya mtu aliyelazwa kifudifudi kama anayetolewa kafara. Sasa wewe hiyo ndiyo ya kumpelekea mzee siku ya kutimiza 70? Mkeo akuulize nini?

Tuje kwenye runi. Hizo programu nyingi zinatumia mpangilio wa zamani wenye herufi 24. Waviking wenyewe walikuwa wameshaupunguza hadi herufi 16. D haimo, E haimo, O, G na P pia hazimo. Walipotaka D waliandika T, walipotaka G waliandika K, na msomaji akajijazia mwenyewe. Kwa hiyo "den" yako imeandikwa kwa alama ambazo Mviking wa Uppsala asingezisoma. Bahati yako U, L na F hazikubadilika sura. (Kama hujawahi kuiona runi, fungua simu yako: ile alama ya Bluetooth ni runi mbili za huo mpangilio mfupi, H na B, zimebebana. Ni za mfalme Harald Bluetooth wa Denmark.)

Na mambo ya kujisifu "mwenye nguvu" yaache. Watu wale wakiandika kwenye chombo waliandika kikavu. Kuna upanga umepatikana Korsøygaden, Norwei, una utepe wa bronzi kwenye mpini, na runi zake zinasema tu: Auðmundr alinitengeneza, Ásleikr ananimiliki. Upanga wenyewe ndio unaongea. Mimi ningeandika "Ulfr á mik", Ulf ananimiliki. Basi.

Sasa utamu. Hapo karibu na kwenu, kwenye kanisa la Orkesta, kuna jiwe la mtu anayeitwa Ulf. Limeandikwa kwamba huyu Ulf alichukua malipo Uingereza mara tatu: ya kwanza aliyemlipa ni Tosti, kisha Thorketill, kisha Knut. Knut huyo ndiye mfalme. Yaani jamaa alikwenda ng'ambo mara tatu kudai fedha, akarudi nyumbani mzima, akachongewa jiwe. Mpeleke mzee akalione, au chukua jina lake hapo hapo kwenye jiwe.

Kiroboto

Mara tatu anakwenda Uingereza na anarudi na hela? Sisi ya kwanza tu tumekwama.

MswahiliWaKassel

Naongezea kutoka huku Ujerumani. Chunga runi zinazosimama peke yake. Ile ya S yenye umbo la radi, zikiwa mbili zilikuwa nembo ya SS, kikosi cha Hitler, na huku kuionyesha hadharani ni kosa la jinai. Ile ya Othala, kama almasi yenye miguu, nayo Wanazi waliivalisha vikosi vyao. Hata valknut siku hizi utaiona imechorwa kwenye shingo za watu ambao mimi na wewe tukikutana nao kwenye treni tunahama behewa. Mkweo anaweza kuwa mtu safi kabisa, lakini wageni wanaoingia sebuleni kwake hawajui hayo. Jina lililoandikwa likasomeka halina tafsiri mbili.

ChumaMoto

Mimi ni fundi, nafua visu na mapanga Arusha, zaidi kwa spring za gari. Sijui Waviking, najua chuma.

Usikubali achimbe kwa tindo baada ya bapa kuchovywa likiwa la moto ili likaze. Kila mkwaruzo wenye kona kali ni mwanzo wa ufa. Mwambie aunguze kwa umeme, haichimbi sana. Bapa linapakwa rangi ya kucha, unakwangua pale panapotakiwa kuliwa, chanya ya betri kwenye bapa, hasi kwenye pamba iliyolowa maji ya chumvi, unagusagusa kidogo kidogo. Utaona povu na pamba inakuwa nyeusi, hapo chuma kinaliwa. Ukimaliza osha, kausha, paka mafuta siku hiyo hiyo, maana ile chumvi ikibaki kwenye mfereji kutu inaanza usiku.

Na usijaze. Vitu vitatu kwenye bapa moja ni daladala hiyo. Weka maandishi ndani ya mfereji karibu na mpini, kule mbele pabaki peupe.

MwanaMuscat

Nakazia la fundi. Huku Oman panga za wazee fedha yote iko kwenye mpini na ala, bapa linaachwa lijisemee.

MsomaMawe

Hata panga maarufu za zama hizo, zile za Ulfberht, ambazo zimepatikana kama 170 hivi, upande mmoja zina jina tu, tena kwa herufi za Kilatini, na upande wa pili suko la mistari. Kama mkono unakuwasha kuchora, chora nyoka. Mawe ya Uppland, jimbo lenu hilo la Uppsala, karibu yote maandishi yanatembea ndani ya mwili wa nyoka. Mfereji wa upanga ni mwembamba na mrefu, nyoka ataulalia kama kaumbiwa, na jina unalipanga tumboni mwake.

MkweWaUppsala

Wakuu, nimenyoosha mikono. Jana nimekwenda Orkesta na binti yangu wa miaka sita. Jiwe ni refu kumzidi, akawa anafuata mwili wa nyoka kwa kidole hewani bila kuligusa, akaniuliza kwa nini nyoka amekula maneno. Nimeshalipenda wazo. Dira nje, pembetatu nje, "starke" nje. Nyoka mmoja, kichwa kwenye mpini, na ndani yake:

ᚢᛚᚠᛘ᛬ᛅ᛬ᛘᛁᚴ

Nimemtumia fundi leo saa tatu asubuhi.

MsomaMawe

Mkuu simama. Herufi ya nne. Matawi yake yanatazama juu, hiyo ni M. R ya mwisho wa jina matawi yanatazama chini: ᛦ. Hapo umeandika "Ulfm".

MkweWaUppsala

Mama yangu! Nampigia.

Kiroboto

Mzee Ulfm, hongera kwa kutimiza 70.

MkweWaUppsala

Kapokea. Alikuwa ndio kwanza amekwangua herufi tatu, betri hajaiwasha. Ameniambia nimletee chupa nyingine ya rangi ya kucha, ile imeisha.