"KUMBE BADO UPO?" Yule mtu wa shifti ya asubuhi ananitafutia kesi

Wakuu, sijalala. Naandika niko kwenye daladala natoka kazini, mikono inatetemeka kwa hasira. Herufi zikikosewa mtanivumilia.

Simtaji jina. Sina haja ya kumtaja, maana kila aliyewahi kuweka mafuta sheli yetu ya hapa Dodoma, barabara ya Dar, asubuhi akakuta pampu haina mtu, anamjua. Ndiyo huyo huyo.

Mimi ni shifti ya usiku. Yeye anatakiwa kunipokea saa 12 asubuhi. Na leo ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, wametoa bei kikomo mpya, mnajua usiku wake unavyokuwa. Jana jioni boda wote wa jiji hili walihamia kwetu, foleni mpaka barabarani, kila mtu "dada niwekee kabla haijapanda". Wakaisha hao, yakaja malori ya Singida, yakaja mabasi, maana tangu yaruhusiwe kutembea usiku 2023 sisi hatujui tena usingizi ni nini. Na upepo wa Dodoma huu wa mwezi wa sita! Makoti mawili na kanga juu, bado unanikuta. Nimekesha kwa miguu yangu.

Saa 12 hayupo. Napiga simu, inaita, inakatwa. Saa 1 haipatikani. Saa 2 naona katupia status: "Asubuhi njema, Mungu ni mwema."

Kwa msioijua kazi yetu, huwezi kuvua fulana ukaondoka tu. Mita za pampu zinasomwa na watu wawili, anayetoka na anayeingia, noza moja moja, mnaandika kwenye daftari, mnasaini wote, unahesabu hela unakabidhi. Ukiondoka kabla ya hapo, shoti ikitokea, yaani hela ikipungua, ni yako, inakatwa kwenye mshahara wako. Kwa hiyo mimi nimefungwa pale, mwanangu kaenda shule bila chai, kwa sababu mtu mzima na akili zake hajaamua kuamka.

Saa 3 na robo ndiyo anashuka kwenye boda. Taratibu. Fulana imenyooshwa pasi mpaka mikunjo inakata, nywele mbichi, mafuta usoni yanang'aa, na KIJITI MDOMONI. Wakuu, kijiti! Yaani alishaoga, alishapiga pasi, alishapita kwenye supu akala akashiba, na mimi nimesimama na noza mkononi. Akanisogelea anachokonoa jino la nyuma, akaniangalia juu mpaka chini, akasema:

"Kumbe bado upo?"

Hakuna samahani, hakuna pole, hata habari ya asubuhi hakuna. KUMBE BADO UPO? Nilitakiwa niwe wapi? Nimeolewa na pampu mimi?

Na kwake ni Ipagala, lori likipiga honi pale sheli analisikia kitandani. Wenzetu wanatoka Msalato na Chamwino, saa 11 na nusu washafika wanafagia. Yeye leo bajaji imeharibika, kesho maji yamekatika, keshokutwa amefiwa na bibi. Mabibi aliowazika huyu mtu wanajaza makaburi ya kata nzima. Supavaiza ukimwambia anakujibu "mvumilie, ndivyo alivyo". Mimi nikichelewa nitakuwa ndivyo nilivyo? Nitapewa barua siku hiyo hiyo!

Lakini yote hayo nimeshazoea. Kilichoniua leo ni lile neno, na kile kijiti. Mtu ameshiba supu anakwambia kumbe bado upo. Nikashindwa hata kumjibu. Nimesoma mita huku machozi yananitoka, naye anaimba.

Nimesema. Niambieni, huyu mtu nimfanyeje?

—

Boda wa Jamatini: Hahahaha "kumbe bado upo"! Dada nisamehe, nimecheka mpaka abiria kashuka.

MamaWawili: Pole mdogo wangu. Mimi ningemrudishia kile kijiti kooni.

Mzee wa Kibaigwa: Namjua huyo. Mwezi uliopita nilimkuta amelala kwenye kiti, nikapiga honi, akafungua jicho moja akaniambia "petroli imeisha", akalala tena. Tangi lilikuwa limejaa siku hiyo hiyo, gari la mafuta nililiona mwenyewe likishusha.

Mtu wa Sheria: Dada, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukijumlisha na ovataimu, mwisho ni saa 12 kwa siku. Ovataimu inalipwa si chini ya mara moja na nusu, na kazi ya usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Kwa hiyo zile saa ulizomsubiri mdai mwajiri, usigombane na mwenzako.

Boda wa Jamatini: Wakili kaja. Mwambie basi akamkamate bibi aliyekufa mara saba.

Mwenye uzi: Mtu wa Sheria asante, nitalifuatilia hilo. Lakini hela siyo iliyoniuma. Amesema KUMBE BADO UPO. Na kijiti mdomoni.

Fundi wa Chang'ombe: Dada tumesikia kijiti. Nenda kalale.

Zabibu Chungu: Sasa na wewe umesimama saa tatu zote unamsubiri, si ungemwambia supavaiza asome mita na wewe? Mnapenda kulalamika.

Mwenye uzi: Supavaiza anaingia saa 3! Usiongee kitu usichokijua!

Zabibu Chungu: Kumbe wote wanaingia saa 3, aliyewahi ni wewe 😂

Mwalimu wa Kondoa: Nyie mna bahati, wa kwenu anakuja. Sisi tuna mwenzetu darasa la nne hawamjui sura. Akitokea wanasimama wanasema "shikamoo mgeni".

Karani Mtumba: Bora wanaochelewa. Ofisini kwetu yupo anayewahi. Saa 1 na nusu anasaini, koti anatundika kwenye kiti, kompyuta anawasha, halafu hamumuoni tena mpaka saa 9 na nusu anakuja kuchukua koti. Ukimuulizia unaambiwa "yupo, koti lake si hilo?" Koti lile limefanya kazi serikalini kuliko mimi. Siku moja litapandishwa cheo.

Mwalimu wa Kondoa: Hahaha koti liingizwe kwenye mfumo wa malipo.

MamaWawili: Karani, huyo wa koti namjua! Ni mnene, ana duka la vifaa vya ujenzi Nkuhungu?

Karani Mtumba: Sisemi kitu, nina watoto wanasoma.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mada. Kesho nakutana naye tena saa 12. Nimwambie nini?

Mzee wa Kibaigwa: Mwambie petroli imeisha.

Dereva wa Kongwa: Samahani wakuu, bei mpya dizeli imepanda au imeshuka? Nina lori limesimama Kibaigwa nasubiri jibu.

Fundi wa Chang'ombe: Muulize mwenye uzi, ndiye mwenye sheli.

Mwenye uzi: SIYO SHELI YANGU.

Muuza Karanga: Mimi nauliza, hiyo supu alikula wapi? Maana kushiba supu mpaka kijiti saa 3 asubuhi, hiyo siyo ya huku kwetu Nzuguni. Huku wanakupa maji ya moto na mfupa mmoja wa heshima.

Boda wa Jamatini: Atakuwa alipita Majengo. Pale sokoni kuna mama mmoja ana supu ya makongoro, ukimaliza unaona wajukuu wako.

Fundi wa Chang'ombe: Majengo ilikuwa zamani. Siku hizi njoo Chang'ombe, ya mbuzi, na chapati zinatoka jikoni unaziona.

Muuza Karanga: Bakuli bei gani?

Fundi wa Chang'ombe: Inategemea anakujua au hakujui.

MamaWawili: Chang'ombe wanaweka pilipili nyingi kuficha nyama ndogo. Mimi ni Majengo, lakini uwahi. Ukifika saa 2 na nusu unakuta sufuria linaoshwa.

Muuza Karanga: Sasa anayeanza kazi saa 12 atainywaje hiyo?

Boda wa Jamatini: Anachelewa kazini.

Muuza Karanga: Basi kesho nipitie saa 1, tuko wawili, na shemeji yangu.