Balbu za "12V" za boti na karavani: nani aliwaambia betri ina volti 12?

Wakuu, salaam.

Leo sijaja kuomba ushauri, nimekuja kutoa dukuduku. Mwenye ushauri auweke, ila asome kwanza mpaka mwisho, maana namjua yule atakayewahi kuandika "weka LED mkuu, utasahau habari ya kubadilisha". Hizo LED ndizo zilizonileta hapa.

Nina boti ndogo ya tanga, futi 28, nalala humo miezi kadhaa kila mwaka. Shemeji yangu ana karavani. Kimoja kinaelea, kingine kinavutwa na gari, lakini ugonjwa ni mmoja: taa za ndani zinakula umeme wa betri, na balbu ikiungua unaingia sokoni kutafuta ya kuziba pengo. Ukishaingia, umekwisha.

Nilianza na balbu sita ndogo za pini mbili, G4, za LED, zichukue nafasi ya halojeni za wati 10, zile balbu za zamani zenye uzi wa chuma unaowaka. Hesabu ilikuwa wazi. Halojeni moja ya wati 10 inakula kama ampea 0.83. Washa tano kwa saa tano za jioni, umeshachota zaidi ya ampea-saa 20 kwenye betri, na hapo friji na pampu ya maji bado havijadai chao. LED ya wati 2 inakula sehemu ya tano tu. Nani angekataa?

Boksi limeandikwa "12V". Basi. Hakuna neno jingine la maana, ukiacha picha ya jua linacheka.

Wiki ya tatu, asubuhi, nimefunga gatini na chaja iko kazini. Nimejilaza chini ya taa ya kusomea. Nikasikia harufu, ile ya plastiki inayoanza kulainika. Kutazama juu, balbu inawaka kuliko siku zote, weupe wa kuchoma macho, halafu ikaanza kupepesa kama jicho lililoingia mchanga. Nikaichomoa kwa kitambaa. Kibao chake kidogo kilikuwa kimegeuka kahawia kuzunguka pini, na doa jeusi limeshakaa katikati ya kila LED. Nikachukua testa, nikagusisha kwenye holda tupu: 14.4.

Chaja yangu haina tatizo. Betri ya asidi ya "volti 12" ikijaa na kutulia inasoma kama 12.7. Ikiwa inachajiwa inapanda mpaka 14.4, chaja nyingine zinaisukuma hadi 14.8, na ukiingia hatua ya kusawazisha seli unavuka 15. Usiku ikichoka inashuka mpaka 12 au chini ya hapo. Kwenye chombo chochote chenye chaja, altaneta (jenereta ya injini) au sola, hiyo 12 ni jina la ukoo, si kipimo. Kila fundi wa betri anajua. Anayeuza balbu "kwa ajili ya boti na karavani" ndiye pekee hajui, au anajua akanyamaza.

Nilivunja moja nione ndani. LED tatu zimepangwa mfululizo, na rezista moja ya kuzuia mkondo. Ndiyo hiyo tu! LED tatu zinachukua kama volti 9 kwa pamoja, kwa hiyo ukizipa 12 rezista inabaki na 3 za kupambana nazo. Zipe 14.4, rezista sasa ina zaidi ya 5, na mkondo umepanda kwa zaidi ya nusu. Joto linapanda nao, na LED hakuna kinachoiua haraka kama joto, hasa ikiwa imefungiwa kwenye kikombe cha taa kisicho na tundu la hewa. Balbu nzuri ina saketi ndogo ya kudhibiti mkondo, unaipa 11 au unaipa 15, mwanga haubadiliki. Hiyo utaijua kwa maandishi mamoja: 10–30V, au mfano wake. Ukiona kiwango kina mwanzo na mwisho, hapo angalau mtu alifikiri. Ukiona "12V" peke yake, umeuziwa rezista.

Tuwe wakweli, hata balbu za uzi zilikuwa zinaumia. Uzi ukipewa volti asilimia 5 juu ya zile ulizopangiwa, maisha yake yanapungua karibu nusu. Lakini ile ilikuwa na heshima: inakata, unajua imekata, unaweka nyingine. Hainuki usiku juu ya kichwa chako.

Nikamrudia muuzaji na picha. Jibu lake: "Mkuu, balbu ni ya volti 12 kama ulivyoagiza. Kaangalie waya zako." Waya zangu! Nilipombana ndipo akasema hizo watu hununua sana kwa taa za bustani na za dari za nyumbani. Sasa subiri. Taa za namna hiyo nyingi zinapewa umeme na transfoma inayotoa volti 12 za AC, umeme wa kupishana kama wa ukutani. Huko hakuna betri, hakuna altaneta, volti haitembei hivi. Pini ni zile zile, umbo ni lile lile, kwa hiyo mtu amechukua bidhaa ya dari akaongeza neno "boti" kwenye tangazo. Hata zile za vikombe vya kioo, MR16, mchezo ni huo huo.

Zamu ya shemeji ilikuwa ya kuchekesha kama isingekuwa hela ya mtu. Kaagiza kumi na mbili. Kanipigia: "Shem, nusu haziwaki." Nikamwambia zigeuze. "Nimegeuza juu chini." Siyo juu chini, shem, zungusha nusu duara. Zikawaka. LED inachagua chanya na hasi, uzi wa zamani haukujali. Balbu iliyotengenezwa kwa umakini inawekewa daraja la diodi ndani, unaichomeka upande wowote inawaka. Hizi hazikuwa nalo na boksi halikusema. Kwa G4 unazungusha tu. Kwa ile ya kuchomeka na kuzungusha yenye kituo kimoja chini, hugeuzi chochote, ni kukata waya na kuzibadilishana nyuma ya taa, huku umelala chali kwenye kabati.

Na hapo tukaingia kwenye herufi. BA15s na BA15d. Kitako ni kile kile cha milimita 15, vipini viwili vya pembeni ni vile vile, tofauti ni herufi ya mwisho: s ina kituo kimoja chini, chuma cha kitako ndicho kinachokamilisha njia, d ina vituo viwili. Shemeji aliandika d, wakamtumia s, wakasema "zinafanana, itaingia". Kuingia iliingia. Kile kituo kimoja kikubwa kikakaa juu ya vituo viwili vya holda, chanya na hasi vikapeana mikono, fyuzi ikaenda na taa zote za upande ule. Ashukuriwe aliyeweka fyuzi sahihi, kuna watu humu wanaweka ya ampea 30 kwenye waya mwembamba kisa "ya 10 inakatika katika". Wakuu, fyuzi inalinda waya, hailindi balbu. Tuachane na hilo, ni mada nyingine.

Zile nyembamba zenye ncha pande mbili sitazisema sana. Ya milimita 36 na ya 39 kwa macho ni kitu kimoja, lakini milimita tatu zinatosha balbu isishike au vibanio vipanuke vilegee moja kwa moja. Pimeni kwa rula ile ya zamani, ncha hadi ncha. Na za G4 pimeni unene pia, maana LED ni pana kuliko halojeni, na kifuniko cha taa yangu ya jikoni hadi leo kinashikwa na mpira.

"Sawa na wati 20" nayo ni tusi. Halojeni ya wati 20 inatoa kama lumeni 300 (lumeni ndicho kipimo cha mwanga). Geuza boksi usome maandishi ya chini, ya saizi ya sisimizi: lumeni 120. Hiyo haifiki hata halojeni ya wati 10. Na rangi, kama hawajaandika 2700K au 3000K (mwanga wa njano njano), tegemea 6000K (weupe wa baridi), chumba kinageuka mochwari.

Mpaka hapa ni hela na kero. Haya mawili yanayofuata ndiyo yaliyonifanya nifungue mada hii.

La kwanza, redio. Baada ya zile sita nikanunua nyingine, safari hii "10–30V", nikajiona nimeerevuka. Zinawaka vizuri, hazichemki. Jioni moja niko nangani, nasubiri rafiki yangu aniite kwenye VHF, redio ya mawasiliano ya baharini, kwamba amekaribia. Kimya. Saa nzima kimya. Nikazima taa nikapumzike, na pale pale sauti yake ikaingia, safi kabisa, katikati ya sentensi, amekasirika, anasema hii ni mara ya tano. Nikawasha taa: akapotea. Nikazima: huyu hapa. Ile saketi ya kudhibiti mkondo inafanya kazi kwa kukata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa, na ikiwa haina vichujio inageuka kituo cha kurusha makelele. Siyo mimi peke yangu. Agosti 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari ya usalama juu ya jambo hili hili, taa za LED kuharibu upokeaji wa VHF na wa AIS (mfumo wa vyombo kutambuana kwa redio). Kipimo chake ni rahisi: zima LED zote, weka redio kwenye chaneli isiyo na watu, zungusha skwelchi (kitufe cha kunyamazisha makelele ya redio) mpaka makelele yanyamaze tu, usipitilize, halafu washa taa moja moja. Ikirudi kuunguruma, umempata mchawi. Kwangu walikuwa wawili, na mmoja alikuwa sentimita arobaini kutoka kwenye redio.

Fikiria anayekuita si rafiki anayetafuta pa kufunga, ni mtu anayezama. Na boksi linakuambia "inaokoa nishati".

La pili, taa za njia, zile zinazowaonyesha wengine usiku ulipo na unakoelekea. Hapa naomba kila mwenye chombo asome polepole. Nililetewa tangazo la "balbu nyeupe ya LED, inafaa taa zote za boti, ikiwemo nyekundu na kijani". Nikaiweka ya kushoto, ndani ya lenzi nyekundu, na nyingine kulia kwenye kijani. Magharibi nikashuka kwenye kidau nikapiga makasia mpaka mbali kidogo nione kazi yangu. Kijani kimeingia ubuluu. Nyekundu imefifia, ya kuitafuta. LED nyeupe kwa kawaida ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa njano, wekundu ndani yake ni kidogo, na lenzi nyekundu haitengenezi wekundu, inaupitisha tu uliopo. Nikasogea mbele ya omo. Pale unapotakiwa uone rangi moja ikiisha na nyingine ikianza, nikaona zote mbili zinamwagikiana kwa nafasi pana. Uzi wa balbu ya asili ni mstari mwembamba uliokaa sehemu moja kamili, na vizuizi vya taa vimepimwa kwa mstari huo. Ukiweka kibuyu cha LED ishirini zinazotazama kila upande, kipimo kimekufa.

Na kipimo si pambo. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972 zinataka kila taa ya ubavuni imulike nyuzi 112.5, ya tezi 135, na kwa chombo kisichofika mita 12 taa za ubavuni zionekane angalau maili moja ya bahari. Taa hizo hupimwa na kuidhinishwa zikiwa na balbu yake maalumu. Ukibadilisha aina ya balbu, ile idhini haikuhusu tena. Meli ikikukosea pembe usiku, huyo aliyeandika "inafaa taa zote" hatakuwepo. Mimi nilizitoa usiku ule ule, kwa tochi mdomoni, nikarudisha za uzi. Zinakula ampea zangu, zile.

Kwa hiyo wauzaji mliomo humu, na najua mmo: andikeni volti ya chini na ya juu. Andikeni kama inajali chanya na hasi. Andikeni lumeni kwa maandishi yanayosomeka, na kama haijapimwa makelele ya redio semeni haijapimwa, tutaiweka chooni mbali na antena. Wino wa kuchora jua linalocheka mnao, hamkosi wa tarakimu nne.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kama unaweza kuziokoa za rezista kwa kuweka regyuleta (kifaa cha kutuliza volti) moja ya volti 12 kabla ya taa zote: inawezekana, ila hakikisha inabeba ampea zako zote, inashikilia 12 hata betri ikishuka, na yenyewe hailii kwenye VHF. Vinginevyo umehamisha mchawi kutoka darini kwenda kabatini.

NYONGEZA 2: Nimemwandikia yule muuzaji tena, kwa adabu, swali moja tu: hii balbu inavumilia kuanzia volti ngapi mpaka ngapi? Amejibu sasa hivi.

"12V bosi."