MREJESHO: Kibali cha usalama cha Marekani baada ya kuacha kazi

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu raia wa Marekani anayeacha kazi ya serikali kule na kuhamia Mwanza: kibali chake cha kuona siri za serikali kinadumu muda gani? Ahsanteni, jibu limepatikana.

Ruhusa ya kuona siri hufungwa siku ile ile ya kuondoka. Kinachobaki ni sifa ya kustahili. Kwa kanuni ya miaka mingi, akipata mwajiri mwingine wa kumdhamini ndani ya miezi 24, hurudishiwa bila kuchunguzwa upya, mradi uchunguzi wa mwisho haujapitwa na wakati. Kipimo cha zamani cha umri wa uchunguzi kilikuwa miaka 5 kwa siri kuu (Top Secret) na 10 kwa siri ya kawaida (Secret). Hapo ndipo wengi hukwama: wanahesabu 24 tu, kumbe uchunguzi wenyewe umechakaa.

Kukilipia mwenyewe ili kisife? Haiwezekani, hata uwe na fedha za kununua mtaa wa kitajiri wa Capri Point wote. Lazima mwajiri.

Aliyeko Mwanza aweke kumbukumbu mapema. Fomu SF-86, ile ya kuombea kibali, inadai makazi ya miaka 10, safari za nje za miaka 7, na marafiki wa karibu wasio raia wa Marekani. Kwa anwani za miaka 3 ya mwisho inataka mtu aliyekufahamu pale, kwa hiyo namba ya jirani wa Nyegezi usiipoteze.

Ahadi ya kutunza siri, SF-312, haina kikomo.